Kupanga sevisi ya ndege ndogo ukiwa Mwanza

Ndege ndogo ikikwama uwanja wa Mwanza, mara nyingi hakuna kilichovunjika. Saa za kuruka kabla ya ukaguzi zimeisha, filta iko Nairobi, fundi ana kazi Arusha mpaka wiki ijayo, na wageni wa Rubondo wanataka kuondoka kesho alfajiri. Yote hayo yangeonekana mwezi mzima kabla kama mtu angekuwa na karatasi moja iliyojazwa vizuri. Mwongozo huu ni wa kuitengeneza karatasi hiyo na kuishi nayo.

Mfano tunaoutumia ni Cessna 172S yenye injini ya Lycoming IO-360-L2A. Ukiwa na 182, 206 au Piper, njia ni ile ile ila namba zinabadilika. Popote namba ya hapa inapotofautiana na kitabu cha matengenezo cha ndege yako, au na programu ya matengenezo iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, fuata kitabu na programu. Na kazi yoyote ya ukaguzi lazima isainiwe na mhandisi mwenye leseni inayotambuliwa na mamlaka hiyo.

Kwanza, amua saa ipi unahesabu

Ndege nyingi zina vipimo viwili vya saa. Hobbs huanza kuhesabu injini inapopata msukumo wa oili, kwa hiyo hata unaposubiri ruhusa ya kuruka ukiwa chini, inahesabu. Takometa huhesabu kufuatana na mizunguko ya injini: injini ikizunguka polepole, nayo inakwenda polepole. Safari fupi fupi za Ukerewe na Geita, zenye kutembea sana uwanjani kabla ya kuruka na baada ya kutua, hufanya vipimo hivi viachane haraka.

Angalia programu yako inataka kipi, kiandike juu kabisa ya karatasi, na usikichanganye na kingine hata siku moja. Kosa tunaloliona mara nyingi ni rubani kuandika Hobbs na fundi kuandika takometa, halafu baada ya miezi sita hakuna anayejua ndege ina saa ngapi.

Pili, orodhesha kila kitu chenye mwisho

Ndege ina kalenda tatu zinazokwenda kwa pamoja: saa za kuruka, tarehe, na kwa baadhi ya vifaa idadi ya kutua. Kinachofika kwanza ndicho kinachotawala. Ndege inayoruka saa 6 kwa mwezi itapitiwa na tarehe kila mara. Inayoruka saa 40 itapitiwa na saa. Chora safu sita: kazi, kikomo cha saa, kikomo cha tarehe, ilifanyika lini, inayofuata lini, imebaki kiasi gani. Kwa 172S, mistari ya lazima ni kama hii:

- Oili na filta: saa 50 au miezi 4. Injini isiyo na filta kamili, yenye chujio la waya tu, ni saa 25.
- Ukaguzi wa saa 100, na ukaguzi wa mwaka.
- Reli za viti: saa 100 au miezi 12, kwa agizo la usalama (AD) la FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, namba AD 2011-10-09.
- Magneto, vifaa vinavyozalisha umeme wa cheche za plagi: saa 500.
- Altimeta (kipimo cha kimo), mfumo wa hewa tuli na transponda (kifaa kinachoijibu rada): kwa kawaida miezi 24.
- Redio ya dharura ya ELT: ukaguzi kila miezi 12, na betri kabla ya tarehe iliyoandikwa juu yake.
- Mipira (mabomba laini) ya mafuta na oili kwenye chumba cha injini, ile isiyo ya tefloni: miaka 5 au injini inapofunguliwa kwa matengenezo makubwa.
- Propela ya McCauley isiyobadilika pembe: saa 2,000 au miezi 72.
- Injini yenyewe: saa 2,000 au miaka 12.
- Hati: cheti cha kuruka, bima, leseni ya redio, kila moja na tarehe yake.

Mstari wa reli za viti usiudharau kwa kuwa unaonekana mdogo. Kiti cha rubani kikiteleza nyuma wakati ndege inanyanyuka, mkono wake unaenda na usukani, pua inainuka, na kasi inakufa karibu na ardhi. Ndiyo maana tundu za reli hupimwa moja moja kwa kipimo, na reli yenye tundu lililolika kupita inchi 0.42 hubadilishwa. Vumbi la viwanja vya Serengeti hukaa ndani ya tundu hizo na kusaga chuma taratibu kama msasa. Zifyonze kwa mashine ya vumbi kila oili inapobadilishwa.

Maagizo mapya ya AD hutoka wakati wowote. Chagua siku moja ya mwezi, tuseme tarehe 1, ya kuangalia yaliyotoka kwa ndege, injini, propela na vifaa vyako. Hivyo ni vitu vinne tofauti. Wengi huangalia ya ndege tu na kusahau kuwa magneto na mikanda ya viti nayo ina maagizo yake.

Tatu, kokotoa siku ya kusimama

Tuseme leo ni tarehe 1 Agosti. Takometa inasoma 3,412.6. Ukaguzi wa saa 100 uliopita ulifanyika kwenye 3,340.0, kwa hiyo unaofuata ni 3,440.0. Zimebaki saa 27.4.

Sasa punguza. Kama ukaguzi utafanyika Arusha, kuna safari ya kwenda. Ni kama maili 230 za anga kwa mstari ulionyooka, lakini huwezi kwenda mstari ulionyooka kupita juu ya nyanda za Ngorongoro kwa 172 iliyojaa, na upepo wa mashariki mara nyingi unakuja usoni. Weka saa 2.5. Zinabaki 24.9. Halafu toa saa 5 za akiba kwa mvua, mzunguko wa kusubiri, au safari ya dharura. Zinabaki saa 19.9 za kufanyia kazi.

Zitakwisha lini? Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mei ndege iliruka saa 22, Juni 25, Julai 31. Wastani ni 26 kwa mwezi, na ukiutumia utajiona una siku 23. Lakini msimu unapanda. Julai ndege iliruka saa 1 kwa siku, na Agosti haitaruka chini ya hapo. Kwa kasi hiyo, saa 19.9 ni siku 20: unasimama tarehe 20 Agosti. Saa zinapopanda mwezi hadi mwezi, tumia mwezi wa mwisho. Zinaposhuka, tumia wastani. Rudia hesabu hii kila Jumatatu. Haichukui zaidi ya dakika tano.

Usitegemee nyongeza ya saa. Programu nyingi huruhusu kuzidisha kidogo ili tu ndege ifike mahali pa kukaguliwa, na saa zilizozidi hukatwa kwenye mzunguko unaofuata. Ukifika karakana na 3,446.0, ukaguzi unaofuata bado ni 3,540.0, na umebakiwa na saa 94. Nyongeza haikuongezei saa yoyote. Ni njia ya kufika tu, nayo ni lazima iwe imeandikwa kwenye programu yako.

Upande wa pili nao una hasara yake: ukikagua mapema, mzunguko mpya huanza pale ulipomaliza. Ukisimama kwenye 3,425 umezitupa saa 15. Wakati mwingine ni sahihi kuzitupa, hasa kama kazi mbili zinakaribiana. Oili iliyobadilishwa 3,395 ina kikomo cha 3,445. Ibadilishe kwenye 3,440 pamoja na ukaguzi badala ya kusimamisha ndege mara mbili kwa ajili ya saa tano.

Nne, weka kazi kubwa kwenye masika

Ukaguzi wa mwaka, kubadilisha mipira, kufungua magneto, kung'oa sakafu kutafuta kutu: vyote vipangiwe Aprili na Mei. Wageni ni wachache, viwanja vya udongo huko mbugani vimelowa, na ndege ingekaa tu. Ukaguzi wa mwaka ukiuacha uangukie Julai au Agosti, utaulipa mara mbili, kwa fundi na kwa safari zilizopotea. Kama tarehe yako iko vibaya leo, ufanye mapema mara moja, Aprili, na kuanzia hapo mzunguko utabaki Aprili.

Hakikisha tu umepata nafasi ndani ya hanga. Kufungua injini chini ya turubai wakati wa masika ni kukaribisha maji kwenye silinda.

Tano, agiza vipuri kwa saa zilizobaki, usisubiri tarehe

Kama vipuri hukuchukua wiki 4 kufika, na ndege inaruka saa 1 kwa siku, hizo ni saa 28. Ongeza 2.5 za safari na 5 za akiba: 35.5. Kwa hiyo kanuni yako ni kuagiza zinapobaki saa 40. Kwenye mfano wetu zimebaki 27.4, maana yake oda ilipaswa kuondoka wiki mbili zilizopita. Sasa chaguo ni kulipia usafirishaji wa haraka au kuomba karakana ikuuzie kutoka kwenye stoo yake.

Kwa ukaguzi mmoja wa saa 100 wa injini ya silinda nne, andaa:

- Oili kwoti 12. Injini inabeba 8, karibu lita 7.6; zinazobaki ni za kuongezea. Kwa joto la Mwanza, daraja la SAE 50 lenye alama W100 linafaa, au ya daraja mchanganyiko kama 20W-50.
- Filta 2: moja ya sasa, nyingine ya saa 50 zijazo.
- Washa (ringi bapa) za shaba za plagi 8, na plagi 2 za akiba.
- Gasketi ya chujio la oili la chini, pini za kupasua, na waya wa kufungia wa inchi 0.032.
- Lainingi za breki 4 na riveti zake.
- Tyubu moja ya kila saizi ya tairi, 6.00-6 na 5.00-5.
- Mafuta mekundu ya breki ya MIL-PRF-5606.

Hicho cha mwisho kikikosekana, usiazime cha gari. Mafuta ya breki za gari huvimbisha na kuozesha sili za breki za ndege, na utajua hivyo siku pedali inapozama hadi sakafuni ukiwa umeshagusa lami.

Kila kipuri kije na karatasi yake: Fomu 8130-3 ya FAA, EASA Form 1 ya Ulaya, au inayolingana nayo na kukubaliwa na TCAA. Plagi nzuri isiyo na karatasi mhandisi hawezi kuisainia, na hela yako imekwenda.

Sita, kati ya ukaguzi na ukaguzi: mambo ya ziwani

Vitabu vya kiwanda havikuandikwa kwa ajili ya Ziwa Victoria. Kuna nyakati wale wadudu wadogo wa ziwani huinuka majini kama nguzo ya moshi. Ukipita karibu nao wanajaa kwenye filta ya hewa na katikati ya mapezi ya kipoza oili. Joto la oili likianza kusoma juu kuliko ulivyozoea wakati hali ya hewa ni ile ile, angalia hapo kwanza. Kioo cha mbele kilowanishe kwa maji mengi, waache walainike, kisha futa kwa kitambaa laini kwenda juu na chini. Kile kioo ni plastiki: petroli au dawa ya vioo vya nyumbani hukipasua nyufa ndogo ndogo zisizorekebishika.

Nyigu wa udongo huziba mrija wa pito, ule wa kupimia kasi ya hewa, ndani ya siku moja. Funika pito kila ndege inapolala, hata kwa usiku mmoja, kwa kifuniko chenye kitambaa chekundu kirefu kinachoonekana toka mbali. Ndege wa porini nao hujenga viota chini ya kifuniko cha injini. Nyasi kavu juu ya bomba la moshi ni moto unaosubiri. Kagua kwa tochi asubuhi.

Filta ya hewa, ndege ikienda viwanja vya vumbi, isafishwe kila saa 25 badala ya kusubiri 50. Propela ipigwe jicho kila baada ya kutua kwenye changarawe: pitisha ukucha kwenye ukingo wa mbele. Panapokwama ukucha ni mahali pa mhandisi kupiga tupa na kulainisha, kwa sababu ufa huanzia hapo.

Usiku wenye unyevu na tangi la mafuta nusu, maji hujikusanya ndani. 172S ina vituo 13 vya kutolea sampuli: vitano kila bawa na vitatu chini ya tumbo. Vyote 13, kila asubuhi, kabla ndege haijasogezwa.

Na ndege ikikaa bila kazi? Usiiwashe kwa dakika kumi ukidhani umeisaidia. Injini haipati joto la kutosha kufukuza maji, inayaongeza tu kwenye oili, na camshafti ya Lycoming (mhimili unaofungua vali), iliyokaa juu mbali na oili, hushika kutu. Irushe angalau saa 1 mfululizo kila siku 30, oili ikiwa kati ya nyuzi 74 na 93 za Selsiasi. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, hiyo ni neema, lakini ndege iliyotoka kukaa Zanzibar au Dar ioshwe chini ya tumbo na kwenye bawaba siku inapofika.

Saba, kitabu cha hitilafu

"Injini inatetemeka" haimsaidii fundi. "Saa 2 asubuhi, mizunguko 1,800, magneto ya kushoto imeshuka 110, ya kulia 60" inamsaidia. Kikomo cha 172S, injini ikiachiwa magneto moja, ni kushuka mizunguko 150, na tofauti kati ya mbili isizidi 50. Rubani huyo ameshagusa kikomo cha tofauti, na kama namba za wiki tatu zilizopita zimeandikwa, utaona zilivyokuwa zikipanda. Hapo unaagiza plagi kabla ndege haijakataa kuruka. Andika kila wiki: kushuka kwa magneto, joto na msukumo wa oili kwenye safari, na kwoti zilizoongezwa.

Nane, siku ya kazi

Oili imwagwe ikiwa ya moto ili itoke na uchafu wake. Filta ya zamani usiitupe. Ikate kwa kikatio cha filta, si kwa msumeno, maana msumeno utaijaza chembe za chuma ambazo utazilaumu kwa injini. Toa karatasi ya ndani, ibane kwenye jiliwa mpaka oili itoke, ifungue mkunjo kwa mkunjo juani. Pitisha sumaku. Chembe zinazonata hutoka kwenye camshafti, gia au kuta za silinda. Nyeupe zisizonata ni aluminiamu, aghalabu ya vizibo vya pini za pistoni. Za rangi ya shaba hutoka kwenye miongozo ya vali. Chache sana si ajabu kwa injini mpya. Zikionekana bila kutafutwa, ndege haitoki mpaka mhandisi aseme. Hifadhi karatasi hiyo kwenye mfuko, iandike saa za takometa, ili ya mara ijayo ilinganishwe nayo.

Plagi zitoke zikiwekwa kwenye kibao chenye namba, kwa sababu rangi ya kila moja inasema habari za silinda yake. Nafasi iwe inchi 0.016 hadi 0.021, ukinzani usizidi omu 5,000, na iliyoanguka sakafuni itupwe hata ikionekana nzima: kauri ya ndani ikipasuka huioni. Wakati wa kurudisha, za juu zishuke chini na za chini zipande, kwa washa mpya, nguvu ya futi-pauni 35.

Kompresheni, yaani jinsi silinda inavyoshika hewa, hupimwa injini ingali moto, kwa hewa ya psi 80 (pauni kwa inchi ya mraba), na watu wawili: mmoja akishika propela kwa nguvu, kwa kuwa ikiachiwa huzunguka na kuvunja mkono. Silinda ikisoma chini ya 60, au ikipishana na nyingine kwa zaidi ya 15, sikiliza hewa inatokea wapi. Kwenye bomba la moshi, ni vali ya kutolea. Kwenye njia ya hewa, vali ya kuingizia. Kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi.

Tisa, kuirudisha hewani

Hesabu vifaa kwenye boksi kabla vifuniko havijafungwa. Washa injini, izime, tazama uvujaji kwenye filta, kisha funga waya. Usukani ukienda kushoto, bawa la kushoto linyanyue aileroni yake (kibamba cha ukingo wa nyuma). Mtu mmoja ndani, mwingine nje, wakiambiana kwa sauti. Soma maneno ya mhandisi kwenye kitabu cha kumbukumbu na uhakikishe yametaja ukaguzi uliofanyika, saa, tarehe, namba ya leseni na sahihi.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo iwe asubuhi, bila abiria, juu ya uwanja, dakika 30, ukibaki pale unapoweza kuifikia lami injini ikizima. Usiivushe maji kwenda Ukerewe siku hiyo. Ukitua, fungua kifuniko tena na tazama uvujaji ukiwa na tochi. Na kabla fundi hajapanda gari lake, kaa naye mjaze karatasi pamoja: 3,440.0 imefanyika, oili 3,490.0 au tarehe 20 Desemba, ukaguzi 3,540.0, vipuri viagizwe takometa ikifika 3,500.0.